Tairi la Mama Mkwe

Werema hakuwa mtu mwongo. Kule Sirari mpakani, alikofanya kazi ya uwakala wa forodha, wenye malori walimjua kama mtu anayekwambia ukweli hata kama hujamuuliza. Ila alikuwa na gari, na mke wake alikuwa na ndugu, na vitu hivyo viwili vilikuwa havipatani.

Gari lilikuwa Runx ya buluu. Kila asubuhi lilimtoa nyumbani Nyamisangura na kumfikisha Sirari kwa lami tupu, na kila jioni likamrudisha. Alikuwa akiliosha mwenyewe, kwa kitambaa ambacho hata mke wake, Felista, alikatazwa kukigusa. Ndugu wa Felista nao walikuwa Ringwani, wilaya ya Serengeti, ambako ukiiacha lami unakutana na udongo mweusi unaoshika kiatu na kubaki nacho. Kwao, gari la mkwe lilikuwa gari la ukoo lililoegeshwa mbali. Mahindi yakivunwa, wanapiga simu. Wanakwaya wakialikwa, wanapiga simu. Mara ya mwisho shemeji yake, Waisiko, kaka mkubwa wa Felista, alipakia beberu kwenye kiti cha nyuma, na kabla hawajafika mnadani beberu yule alikuwa ameshakula mkanda wa kujifungia, wote, mpaka kwenye kile kichuma chake.

Mwezi wa pili Werema akaenda dukani kwa Swaleh kutafuta matairi, maana yale ya zamani yalikuwa vipara. Swaleh alikuwa muuza matairi wa pale Tarime mjini. Babu yake alitoka Tanga, yeye mwenyewe hakuwahi kuishi kokote ila Tarime, na alikuwa mtu wa kumweleza mteja mpaka mteja achoke. Alimwonyesha mafungu mawili.

"Haya ni ya kiangazi," akasema, akaliwekea mkono fungu la kushoto. "Wazungu ndivyo wanavyoyaita. Mpira wake laini. Lami ikipata joto yanakamata kama mjusi ukutani, kona unaikata bila kuomba ruhusa. Na usiogope mvua ya kwenye lami. Mifereji yake inatoa maji vizuri tu, pengine kuliko haya mengine. Adui yake ni barafu, na barafu hapa Tarime utaiona kwenye friji. Adui mwingine ni matope. Halafu yanalika haraka."

"Na haya?"

"Haya ni ya misimu yote. Mpira umekaza kidogo, yanadumu. Kona yatakufikisha, ila hayatakuchangamsha. Ni kama yule mwalimu anayepewa hesabu, dini na michezo. Hakuna somo linalomshinda, na hakuna analolipenda."

"Kwenye matope je?"

"Yana nafuu. Kidogo." Swaleh akaonyesha kwa vidole viwili nafuu yenyewe, nayo ilikuwa ndogo kweli. "Werema, hapa huuziwi tairi la trekta. Yote haya ni watoto wa lami."

Werema akachukua ya kiangazi. Jioni ile ile akaenda nayo Sirari na kurudi bila shughuli yoyote, akikata kona huku akitabasamu peke yake kama mtu aliyeambiwa siri.

Wiki tatu baadaye mvua zikaanza, na Felista akaja na simu mkononi. "Waisiko anaomba Jumamosi umsaidie viroba vya mihogo. Na kuna kondoo."

Werema alifungua kinywa bila kujua kitakachotoka. "Haitawezekana," akasikia anasema. "Matairi yale ni ya kiangazi."

"Ya kiangazi?"

"Mvua ikinyesha hayatembei. Ndivyo kiwanda kilivyoagiza. Imeandikwa pembeni kabisa."

Felista akatoka nje, akachuchumaa penye gurudumu, akakuta herufi na namba nyingi kuliko za kwenye kitambulisho cha taifa. Akaamini. Simu ikapigwa Ringwani, na kwa mara ya kwanza tangu alipe mahari, Werema akawa na Jumamosi yake.

Shida ya uongo ule ilikuwa moja tu, nayo hakuifikiria. Jumatatu asubuhi mvua ilinyesha. Werema akachukua funguo za gari, akamkuta Felista mlangoni amemshikia koti la mvua.

"Pole mume wangu," akasema. "Nimeshamwita bodaboda."

Basi ikawa hivyo. Wiki baada ya wiki, Runx ikakaa kavu chini ya bati, na mwenye Runx akaenda Sirari nyuma ya pikipiki, maji yakimwingia kwenye kola na kutokea kwenye soksi. Matairi yaliyokuwa yanaweza kuipasua mvua ile kama kisu yalikuwa nyumbani, yanalaliwa na kuku. Joel, mwenzake wa ofisini, ambaye Kiswahili chake kilikuwa nusu kimevuka mpaka, alimtazama siku ya tano akikamua tai kwenye ndoo.

"Werema, si uko na gari? Ama uliuza?"

"Ipo. Inapumzika."

"Inapumzika nini, na ni wewe unachoka?"

Werema akapata mafua, mafua yakashuka kifuani. Felista akamchemshia tangawizi usiku na asubuhi, akimhurumia kwa moyo wote, na ile huruma ilimkaba Werema kuliko kikohozi.

Kule Ringwani habari ilimfikia mama yake Felista, Agustina. Huyu alikuwa mwanamke mwenye shamba la ekari saba na maneno machache. Aliposikia mkwe wake anaugua kwa sababu ya matairi, hakulalamika. Aliuliza swali moja: je, hakuna matairi ya misimu mingine?

Jumapili moja ya mwezi wa nne, Werema akiwa amejifunika blanketi sebuleni, pikipiki mbili zikaingia uani. Ya kwanza ilimbeba Waisiko, tairi moja amelivaa begani kama mkoba na jingine shingoni. Ya pili ilimbeba mjomba Kornelio, kaka yake Agustina, mzee mwenye koti la suti na uso wa hakimu, naye vilevile. Agustina alikuwa ametangulia mjini tangu asubuhi, akapitia kwa Swaleh pamoja na Felista. Walimuuliza Swaleh kama anayo ya misimu yote. Akasema anayo. Hawakumuuliza zaidi, na siku ile, kwa ajabu, Swaleh hakueleza zaidi.

"Shikamoo mjomba," Werema akasema, blanketi likimdondoka.

"Marahaba. Tumekuondolea taabu," Kornelio akajibu. "Ukoo umekaa, kila mmoja amenunua lake. La mbele kulia ni langu. La mbele kushoto ni la Waisiko. La nyuma kulia ni la mkeo."

Werema akamgeukia Felista. Felista akainamisha macho kwa haya ya mtu aliyefanya jema.

"Na la nyuma kushoto?"

Kornelio akaonyesha kwa kidevu kibaraza cha jirani, ambako Agustina alikuwa ameketi akiwa amewapa mgongo. Kwa mila zao, mama mkwe haingii nyumbani kwa mkwe hivi hivi. Hawapeani mikono, hawatazamani usoni, na jina lake halitoki kinywani mwa mkwe hata akilazimishwa.

Kisha mjomba akatoa kopo la rangi nyeupe. Kwake Ringwani kila jembe, kila kiti na kila beseni lilikuwa na jina, na hakuona kwa nini tairi liachwe. Alisema mafundi wa mjini huwabadilishia watu matairi mazuri kwa mabovu. Kabla jua halijazama, Runx ya buluu ilikuwa imesimama uani na maandishi meupe ubavuni mwa kila tairi, herufi kubwa: KORNELIO, WAISIKO, FELISTA, AGUSTINA.

Maisha ya Werema yakabadilika. Pale Sirari gari likapata jina jipya siku ya kwanza. Vijana wa kubadilisha fedha walikuwa wakiliona linakuja wanaita, "Agustina ameingia," na Werema anakaza macho mbele, masikio yanamwaka, maana jina lile kwake lilikuwa haramu, na sasa lilikuwa linazunguka mara elfu kwa kila safari. Alikuwa na tabia ya kuyapiga matairi teke asubuhi kupima upepo. Akampiga teke Kornelio, akampiga Waisiko, akampiga hata Felista kidogo, lakini alipofika nyuma kushoto alisimama, akainama, akaligusa tairi kwa ncha ya kidole, kisha akarudi hatua moja nyuma. Siku lilipopungua upepo, fundi alimuuliza ajaze lipi.

"Lile."

"Lipi, Agustina?"

"Lile la upande ule," Werema akasema akiwa anatazama angani.

Na matairi yenyewe? Yalikuwa kama Swaleh alivyosema. Kwenye zile kona za kwenda Sirari, ambako ya kiangazi yalikuwa yanaitika kabla hajamaliza kukata usukani, haya yalikuwa yanafikiri kwanza. Hayakuteleza, hayakulia, hayakumuudhi. Yalimfikisha. Werema aliyalaumu kimoyomoyo kila asubuhi, halafu anakumbuka kwamba hajalowa.

Jioni simu zilikuwa zinaingia. "Shemeji, tairi langu linaendeleaje?" Waisiko anauliza, kama mtu anayeulizia ndama aliyeazimisha. Kornelio yeye alitaka kujua kama la kwake linalika sawa na mengine, au linafanyishwa kazi zaidi.

Mwezi wa tano ikaja harusi ya mpwa wa Agustina, kule mjini Mugumu. Sababu ya kukataa haikuwepo tena. Ilikuwa imefungiwa stoo, matairi manne ya mpira laini. Werema na Felista wakalala Ringwani, na asubuhi wakapakia. Mpangilio ulichukua muda. Felista mbele. Nyuma, Kornelio dirisha moja, Waisiko katikati magoti kidevuni, na Agustina nyuma kabisa ya kiti cha dereva, ili Werema asimwone. Kilichobaki ni kile kioo cha ndani cha kutazamia nyuma. Kornelio akakivika kitambaa.

"Nitaonaje nyuma?" Werema akauliza.

"Nyuma tupo sisi," Kornelio akasema. "Kikitokea kitu tutakwambia."

Wakaondoka. Mazungumzo yote ya mkwe na mkwe yalipita kwa Felista, ingawa pua ya Agustina ilikuwa shubiri moja kutoka kisogo cha Werema.

"Mwambie mumeo afunge kidirisha kile, upepo unamtoa machozi mjomba."

"Mama anasema ufunge dirisha."

"Mwambie mama nimefunga."

"Amefunga, mama."

"Nimeona."

Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Hawajaenda mbali wakafika mahali ambapo barabara inashuka bondeni, udongo mweusi unang'aa kama umepakwa mafuta. Werema akaogopa kukwama, na kwa kuogopa akakanyaga mafuta. Gari likaingia kwa kasi, likaserereka upande upande kama mlevi anayetafuta ukuta, kisha likasimama. Akakanyaga tena. Magurudumu ya mbele yakazunguka palepale yakirusha matope mpaka kwenye kioo. Gari halikutoka.

Wote wakashuka kutazama. Matairi mawili ya mbele yalikuwa yamezama hadi kwenye rimu. Ya nyuma yalikuwa yamekaa juu, safi, majina yanasomeka vizuri.

"Mjomba," Waisiko akasema kwa adabu, "nadhani ni la kwako. Nililiona linachimba."

"La kwangu lilikuwa linavuta," Kornelio akasema. "La kwako ndilo lililokuwa linazunguka bure. Ulichagua bila kulitazama meno. Mimi nilitazama."

"Tumeyatoa fungu moja."

"Kwenye fungu moja kuna wazembe na wenye bidii."

Agustina, aliyekuwa amesimama ng'ambo ya pili ya gari, akasema na binti yake. Felista akakohoa. "Mama anasema matairi ya wanawake hayajachafuka."

Ilikuwa kweli, na ilimchoma Kornelio. Werema alijaribu kueleza kwamba gari hili linasukumwa na magurudumu ya mbele tu, ya nyuma yanafuata. Kornelio akamkata kauli. Kama ni hivyo, alisema, basi wamedhulumiwa: wanaume wamepangiwa kazi na wanawake wamepangiwa safari. Akaamuru yabadilishwe. Waisiko akakata ubao kwenye daraja bovu la miti lililokuwa karibu, wakauweka chini ya jeki, na kwa saa moja na nusu watu waliovaa nguo za harusi wakafungua nati kwenye matope, wakahamisha Kornelio na Waisiko nyuma, Felista na Agustina mbele. Werema alipofika kwenye tairi la mama mkwe alilibeba kwa mikono miwili, mbali na mwili, kama anayebeba mtoto wa mtu mkubwa, na matope yakamjaa mpaka kifuani.

Akarudi kwenye usukani. Akakanyaga. Matairi ya wanawake yakazunguka palepale, kwa bidii ile ile, na rundo zima la matope likampata Kornelio kwenye koti la suti.

Ndipo Werema, mwenye njaa, mwenye matope masikioni, akashuka akafunga mlango kwa nguvu.

"Si kosa la tairi la mtu yeyote," akasema. "Hata yale ya kiangazi yangezama hivi hivi. Swaleh aliniambia. Yote ni ya lami. Haya yana nafuu kidogo tu ya matope, na yale ya kiangazi kwenye mvua ya lami ni mazuri kuliko haya, na..."

Akanyamaza. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, nalo lilikuwa limesimama pale barabarani kama mtu wa sita.

"Mazuri wapi?" Felista akauliza taratibu.

"Kwenye lami."

"Kwenye lami kukiwa na nini?"

Werema akatazama viatu vyake. Havikuonekana. "Na mvua."

Upande wa pili wa gari Agustina akasema jambo kwa sauti ya chini. Felista akalifikisha bila kumwondolea mumewe macho. "Mama anauliza: kwa hiyo, zile wiki sita ulizolowa kwenye bodaboda, gari lilikuwa linaweza kwenda?"

"Mwambie mama ndiyo."

"Anauliza, na kifua kile?"

"Mwambie kilikuwa cha kujitakia."

"Anauliza, yote yale ili usibebe mihogo?"

Werema akafikiri juu ya kumtaja beberu, akaona haisaidii. "Na kondoo," akasema. "Mwambie kulikuwa na kondoo."

Kornelio akavuta pumzi ndefu ya mtu anayejiandaa kutoa hukumu. Hakuwahi kuitoa. Ng'ambo ya gari ilianza sauti kama ya debe linalomiminiwa mahindi, ikapanda, ikakatika, ikaanza upya. Agustina alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akajishikiza kwenye bati la gari, akajaribu kusema neno "wiki sita", likamshinda, akacheka tena. Waisiko akaambukizwa. Felista alijitahidi kukasirika, alikuwa na haki ya kukasirika, ila alipokumbuka jinsi alivyomshikia koti la mvua mlangoni kila asubuhi, na jinsi mumewe alivyolivaa bila kusema kitu, akaketi kwenye ukingo wa barabara na kujifunika uso kwa kanga. Kornelio peke yake hakucheka. Alikuwa anatafuta leso.

Halafu mama mkwe akajifuta machozi na kusema moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika miaka kumi na mmoja ya ndoa ile.

"Werema. Unalitisha. Kila likizama unalipigia kelele. Waisiko, kateni majani, mjaze hapa mbele. Wewe ingia, weka gia ya chini, uliombe polepole. Ukisikia linazunguka, acha."

Werema, kwa mshtuko, akajibu na yeye moja kwa moja. "Sawa, mama."

Wakakata majani. Wakasukuma, Kornelio na suti yake, Agustina mwenyewe akiwa ameweka bega nyuma. Werema akagusa mafuta kwa kidole cha mguu tu. Gari likatetemeka, likauma majani, likapanda taratibu kama mgonjwa anayejaribu kutembea, na likatoka.

Harusini walifika wakati watu wanakata keki. Mshereheshaji aliwatazama watu watano wa rangi ya udongo wakiingia kwa mstari, akasita, kisha akatangaza kwamba ukoo wa bibi harusi umewakilishwa na shamba lake. Agustina akapita mbele ameinua kichwa, akapewa kiti cha heshima, na mtu akatandika gazeti kabla hajakikalia.

Kesho yake, kule Ringwani, kulikuwa na jua. Werema alitoka na ndoo akakuta watu wamemtangulia. Waisiko alikuwa amechuchumaa analisugua tairi lake. Kornelio alikuwa amelimaliza la kwake na sasa alikuwa analikagua jina kama limepauka. Felista alikuwa kwenye lake, na bado hakuwa akiongea na mumewe sana, ila alimsukumia sabuni. Bodi ya gari, ambayo haikuwa ya mtu, ilikuwa imeachwa na matope yake yote. Werema akaanza kuosha mlango wa dereva.

Upande wa pili, chini, brashi ilikuwa inafanya kazi kwa nguvu. Hakumwona anayeisugua, wala hakujaribu. Gari lilikuwa katikati yao, na hilo lilitosha kuwa pazia.

"Werema," sauti ya Agustina ikasema.

"Naam, mama."

"Yale mengine. Ya kiangazi. Uliyauza?"

"Yapo stoo."

Brashi ikasimama. "Yanakamata kama wanavyosema?"

Werema akaweka kitambaa chini. Hakuna mtu kwenye ukoo ule aliyewahi kumuuliza swali kama hilo. "Kwenye kona, mama, huwezi kuamini. Unakata tu, lenyewe linaitika."

Maji yakamwagwa.

"Mwezi wa saba mvua zitakuwa zimeisha," Agustina akasema. "Nina mdogo wangu Sirari, sijamwona siku nyingi. Uyafunge yale, uje unichukue." Kisha brashi ikaendelea, na sauti ikashuka kidogo. "Kornelio usimwambie."